Kilimi Changu Hakikuwa na Kosa

Nianze na pua, kwa sababu kwa miaka mitatu hakuna aliyeanza nayo, hata mimi mwenyewe niliyekuwa nikitembea nayo usoni.

Pua yangu iliziba nikiwa na miaka thelathini na minane, ikakataa kuzibuka. Sisemi mafua ya wiki moja. Nasema kamasi nzito ya manjano, siku nyingine ya kijani, iliyoshuka nyuma ya koo hata nikawa natema kila asubuhi kabla ya kumsalimu mtu. Nikiinama kufagia, uso uliniuma chini ya macho. Harufu nazo zikaniaga moja moja: kwanza sabuni, halafu mafuta ya taa, mwishowe nikaunguza sufuria nzima ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nikiwa nimeketi hatua tatu kutoka jikoni. Mume wangu, Kioko, alikuja mbio kutoka zizini akiniuliza kama nimelala. Nilikuwa macho kabisa, ila pua ilikuwa imekufa.

Nilijitibu. Nikizidiwa nilienda duka la dawa pale sokoni Kalamba, nikanunua vidonge vya rangi mbili, vinne leo, sita mwezi ujao. Pua ikikauka kidogo niliviacha, na vilivyobaki nikavitia kwenye kikombe kabatini vingoje zamu nyingine. Na mjue kwamba mimi ndiye mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu. Mimi ndiye ninayebeba begi mgongoni nikizunguka nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wamalize dozi, wanawe mikono, wasiwakate watoto vilimi. Wahenga walisema mganga hajigangi, nami nikawathibitishia.

Kifua kilikuja mwezi wa Februari, siku ya kupura ndengu. Tulikuwa tumetandaza turubai uwanjani, mimi na mama mkwe wangu, ambaye namwita Mwaitu kama nimwitavyo mama yangu mzazi. Tulikuwa tukipiga kwa fimbo, vumbi likipanda, yeye akinitania kwamba napiga kama mtu anayefukuza nzi. Nikacheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Hewa iliingia kidogo kisha ikagoma kutoka. Nilijishika magotini, mabega yamepanda hadi masikioni, nikasikia filimbi ndani ya kifua changu mwenyewe.

Katika zahanati muuguzi aliniweka kiti cha mbele, akanivutisha dawa kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa.

"Hii ni asthma, mama."

"Nina miaka arobaini na moja. Si hiyo ni ya watoto?"

"Inakuja tu hata kwa watu wakubwa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Kupura ndengu."

"Basi ni hiyo vumbi."

Akaandika kwenye daftari langu la matibabu: vumbi. Kuanzia siku hiyo kila niliyemfikia alifungua daftari, akasoma vumbi, akaniongeza inhela ya bluu, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaita anayefuata. Siwalaumu sana. Waliuliza kifua nami nikajibu kifua. Pua niliiona kama jambo la aibu ndogo, kitu cha kufutwa kwa kona ya leso, wala si cha kumchosha daktari nacho.

Mwaka huo nilizijua benchi zote za kungojea. Kuna benchi ya mbao iliyochimbika katikati, ambapo ukiketi unateleza hadi kwa jirani yako upende usipende. Kuna ile ya saruji inayokupa baridi hadi kiunoni. Nikikohoa, watu walihama. Waliniona nina TB, na kusema kweli hata madaktari walinipima makohozi mara mbili wakapata hakuna kitu. Siku moja benchi nzima ilihama nikabaki peke yangu mwisho kabisa, na mama mmoja nisiyemjua, mwenye mguu uliofungwa bendeji, akajikokota akaja kuketi karibu nami. Alinipa machungwa mawili, akaendelea kutazama mlango. Sijamsahau.

Mwili ulibadilika. Mbavu ziliniuma kama nimepigwa rungu. Nilikuwa nikibeba mtungi wa lita ishirini kutoka mtoni bila kupumzika. Sasa nilipumzika mara tatu nikienda tu, mtungi ukiwa mtupu. Nililala nimeketi, nimeegemea gunia la mahindi. Na nikikohoa sana, mkojo ulinitoka. Hilo sikumwambia hata Kioko. Ninaliandika hapa kwa ajili ya mwanamke mwenzangu anayefua nguo zake kwa siri akidhani ni yeye peke yake duniani.

Mwezi wa Mei nilienda Mutomo kwa mama yangu mzazi ili nikae mbali na vumbi la ndengu. Huko Kitui kusini ni kukavu, mbuzi ni wengi kuliko watu, na mama alininyima kazi yote, hata kufagia. Wiki tatu sikushika fimbo wala ufagio. Kifua kilinibana vilevile. Mama yangu hakusoma hata darasa moja, lakini ana macho. Aliniangalia siku kadhaa, kisha akasema, "Wewe kifua chako kinafuata pua. Kamasi ikizidi, kesho yake unashikwa. Kamasi ikikauka, unapumua. Mimi nimehesabu."

Nikacheka. Nikamwambia mambo ya asthma ni ya kitaalamu. Laiti ningefunga mdomo nikamsikiliza, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Baridi ya Julai ilinikuta nimekonda. Hapo ndipo Mwaitu alipoanza habari ya kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu wazee wengi huamini kwamba kikirefuka kinalala juu ya koo, kinalikuna, na mtu hukohoa hadi kikatwe.

"Mama Mwende, kohoa yako si ya vumbi," aliniambia. "Ni kilimi. Kioko nilimkata akiwa mdogo. Umewahi kumsikia akikohoa?"

Kweli sikuwahi. "Lakini Mwaitu, si ni mimi huambia watu wasikate?"

"Hao ni watoto. Wewe ni mtu mzima. Na kuna mzee mmoja huko juu ya Kikima, mkono yake ni safi sana."

Nilikataa. Wiki iliyofuata nikakataa tena. Halafu ikaja asubuhi moja nikimsuka binti yangu Mwende, wa miaka kumi na mmoja, kabla hajaenda shule. Nilisuka mstari mmoja, nikapumzika. Wa pili, nikapumzika. Kwenye mstari wa nne filimbi ikaanza. Mtoto akasimama, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama wima, akasema, "Wacha tu, Mum. Nitaenda hivyo. Nitavaa kofia." Alisema polepole, kwa huruma, jinsi mtu anavyosema na mgonjwa asiyepona. Alipotoka nilimwita Mwaitu, nikamwambia twende.

Kikima iko milimani Mbooni, na Julai ni ukungu na matope. Yule mzee alikuwa mpole. Nilitaka awe mchafu na mwenye macho mekundu ili nimchukie sasa, lakini alivaa koti safi, na alinawa mikono kuliko ninavyonawa mimi. Aliniketisha mlangoni penye mwanga. Mwaitu alinishika kichwa kwa nyuma. Mzee alikandamiza ulimi wangu kwa kijiti, akaingiza kichuma chembamba kilichopinda nchani. Niliona jani la mgomba likipepea nje. Kisha maumivu, na mdomo ukajaa damu ya moto. Alinipaka unga wa majani, akanionyesha kile kinyama juu ya jani.

"Ona vile ilikuwa ndefu," akasema, na mimi niliyewahubiria wanawake wa kijiji kizima nikatikisa kichwa kukubali.

Siku mbili za kwanza nilikohoa kidogo, kwa kuwa kila kikohozi kilikuwa kisu. Nilimwambia Mwaitu naona afadhali, akafurahi akanipikia uji. Siku ya tatu homa ikapanda na mate yakakataa kumezeka. Siku ya nne asubuhi, baada ya watoto kwenda shule, nilikuwa natoka chooni nikashikwa. Haikuwa kama zile za kwanza. Safari hii kifua kilifunga chini na koo likafunga juu. Nilivuta inhela ya bluu mara nne, mara sita, ikawa kama kupulizia ukutani. Nilijaribu kumwita Mwaitu, sauti haikutoka. Nikapiga bati la choo kwa kiganja hadi akasikia.

Jirani yetu alikuwa na pikapu. Kioko alikuwa mjini Wote kwenye kazi yake ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo Mwaitu alipanda nyuma nami, akaniketisha katikati ya miguu yake, kifua chake nyuma ya mgongo wangu. Alikuwa akivuta pumzi kwa sauti kubwa ili nimfuate. "Vuta. Toa. Vuta, mwanangu. Toa." Kuna mahali nilishindwa kumfuata. Nilimsikia akiendelea peke yake.

Hospitalini walinipitisha foleni yote. Oksijeni, mashine ya mvuke, sindano mkononi. Daktari alikuwa msichana mdogo, nywele zimefungwa nyuma, na alikuwa na haraka ya mtu anayeona kitu asichokipenda. Vidole vyangu vilikuwa vimegeuka rangi. Aliinama karibu na sikio langu.

"Mama, koo yako imefura. Hii si asthma peke yake. Kuna kitu ulitumia? Dawa ya kienyeji?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Kuna mtu alikuweka kitu kwa koo?"

Nikakataa tena.

Nitaeleza kwa nini, ijapokuwa naona aibu. Muuguzi aliyesimama upande wa pili wa kitanda alinijua. Ndiye aliyetufundisha wahudumu wa afya wa eneo letu, na siku ya mafunzo ya vilimi mimi ndiye niliyesimama mbele kujibu maswali. Alikuwa akinitazama. Nilikuwa ninakufa, ninajua ninakufa, na bado nilikuwa nalinda jina langu. Mficha maradhi kilio humfichua, nasi tulikuwa karibu sana na kilio.

Daktari akainuka. Nilimsikia akiomba mpira wa kupitishia hewa kooni, akisema dawa hazifanyi kazi, hawezi kungoja. Watu wakaanza kukimbia. Mtu akalaza kitanda changu. Nikilala chali sikuweza kuvuta hata tone, nikaanza kupigana nao.

"Ngojeni!"

Ilikuwa sauti ya Mwaitu. Alikuwa amefukuzwa akae nyuma ya pazia. Alilivuta pazia lote, wodi nzima ikatuona.

"Amekatwa kilimi. Siku nne sasa. Ni mimi nilimpeleka. Yeye alikataa, akakataa tena, ni mimi. Mkinishika mnishike, lakini huko ndani kuna kidonda."

Kila kitu kilisimama, kisha kikaenda kwa njia nyingine. Waliniinua nikaketi. Daktari akamulika, akaona usaha na uvimbe, akamwita mkubwa wake ambaye alikuja akikimbia. Dawa nyingine ziliingia mshipani, mvuke mwingine, na mkono wa yule muuguzi ulibaki mgongoni mwangu muda wote. Sijui ilichukua muda gani. Najua kulikuwa na pumzi moja iliyopita bila filimbi, nami nikalia.

Baadaye daktari aliniambia, "Tungesukuma ule mpira kwa kidonda bila kujua..."

Siku ya tatu wodini aliketi kando ya kitanda, daftari langu mkononi, ukurasa baada ya ukurasa wa vumbi. Akalifunga. "Hebu tuwache kifua kidogo. Pua yako iko aje?"

Nilimwambia yote: miaka mitatu, kamasi, harufu, vidonge vya kikombeni, hesabu ya mama yangu wa Mutomo. Nilizungumza kwa kunong'ona kwa sababu ya kidonda, na sikunyamaza. Alimulika ndani ya pua, akachukua kamasi kwa kijiti cha pamba ikapimwe. Majibu yalipokuja alisema kuna bakteria waliojenga nyumba humo siku nyingi, na kwamba kila mara nilipokunywa vidonge vinne nilikuwa nawachapa kidogo tu na kuwaacha wazima.

"Kwa hivyo hao ndio asthma?" nikauliza.

"Hapana. Asthma unayo. Lakini kwa watu wazima wengine, hao wadudu wa pua wanachokoza kifua. Hiyo kitu bado inachunguzwa, nisikudanganye. Kwako wewe naona zinatembea pamoja. Tutatibu zote mbili."

Zaidi ya hapo nisiulizwe, mimi si daktari.

Nilikunywa dozi ndefu, nikaimaliza hadi kidonge cha mwisho, Mwende akiwa mlinzi wangu mkali. Kila asubuhi na jioni niliosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mara ya kwanza nilidhani nazama nikiwa nimesimama uwanjani. Nilipewa dawa ya kupuliza puani, na inhela nyingine, ya kuvuta kila siku hata nikijisikia mzima. Hiyo ya kila siku ndiyo ngumu. Mwili ukipona unajiona mjanja. Oktoba niliiacha siku tano nikijidai nimepona, kifua kikanifunza adabu.

Novemba mvua zilinyesha nikapanda ndengu mwenyewe, nikipumzika mwisho wa kila mstari. Siku moja nikipita zizini nikasimama ghafla. Kulikuwa na uvundo wa beberu, mkali, unaochoma macho. Nilisimama pale nikiunusa kwa furaha, hata Kioko akatoka kuangalia kama nimepatwa na wazimu.

Yeye na mama yake walikuwa hawazungumzi. Alimsalimia kwa heshima kisha akapita, akila chakula chake nje. Miezi minne. Mwaitu alipungua mwili kuliko mimi niliyelazwa. Siku moja nilimwambia Kioko, "Miguu iliyopanda Mbooni ni yangu. Hakuna aliyenifunga kamba. Na kichwa kilichotikiswa mbele ya daktari kilikuwa changu. Aliyeniokoa ni yule unayemnunia." Jioni hiyo alibeba sahani yake akaenda kuketi jikoni kwa mamake, nikasikia Mwaitu akimlaumu kwamba hanywi chai ya kutosha.

Nawaambia ninyi mnaokohoa mkiwa watu wazima: mkiulizwa kifua, tajeni na pua. Tajeni na yale mliyoyafanya kwa siri, hasa hayo. Daktari hawezi kutibu mtu uliyemficha.

Januari nilirudi kwenye nyumba za watu na begi langu. Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi hiyo, yule muuguzi aliyetufundisha akairudisha bila kuifungua. Nyumba ya kwanza nilimkuta mama mchanga na mtoto wa mwaka mmoja anayekohoa, tayari amefunikwa shuka la safari. Bibi ya mtoto, Susu kwa Kikamba, alikuwa amevaa viatu.

"Tunaenda kukata kilimi," bibi akaniambia kwa ukali, "na usituanzie zile hadithi zako za kitabu."

Nilikuwa na hadithi za kitabu, nazijua zote. Nikaweka begi chini. Nikawasha tochi ya simu, nikampa, nikapiga magoti mbele yake nikafungua mdomo hadi mwisho.

Alimulika. Akasogea karibu. Mwanga ulipita kwenye meno yangu, ukatafuta kilimi mahali kilipokuwa.

"Hata wewe?" akasema.

"Hata mimi, Susu. Mwaka jana."

"Na kikohozi kiliisha?"

"Hakikuisha. Nusura niishe mimi."

Akazima tochi, akamgeukia mkaza mwanawe. "Leta kadi ya kliniki ya mtoto."